Yule Mama Aliyetuchajia Simu

Mama wa Chaji hakuitikia salamu akiwa ameshika waya. Ungefika kwenye kibanda chake, ungesema jambo mama, naye angekuacha umesimama hapo juu ya mawe meusi mpaka amalize kuchomeka, aone alama ya betri imeanza kupanda kwenye kioo cha simu, ndipo ageuke na kusema, "Sasa nisalimie." Wageni walidhani ana kiburi. Sisi tuliokaa naye mtaa wa Majengo, hapa Goma, kwa miaka tulijua ni woga tu. Zamani, siku moja, alikuwa akicheka na mteja huku akichomeka, akaunguza simu ya watu, na hakutaka jambo hilo limpate tena.

Kibanda chake kilikuwa cha mbao, kimeegemea ukuta wa duka la vyakula. Juu ya bati aliweka pano zake za jua, zile paneli za kuvuta umeme, na chini ya kiti batri kubwa za gari, ambazo alizifunika kwa kitenge kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Umeme wa nyaya huku kwetu unakuja na kuondoka upendavyo, kwa hiyo nyumba nyingi zilimtegemea yeye. Kila simu aliifunga kitambaa kidogo, na mwenye simu akabaki na kipande cha kitambaa hicho hicho. Ukipoteza kipande chako, ulilazimika kumweleza picha iliyo kwenye kioo cha simu yako, majina ya watu uliowapigia jana, na hata hapo angekutazama kama hakimu kabla ya kukupa.

Simu za watu zililia mbele yake siku nzima. Ikilia kidogo na kunyamaza, aliiacha. Ikilia tena na tena bila kupumua, aliipokea, kwa sababu, alisema, mutu mwenye raha hapigi hivyo. Ndiyo maana habari mbaya za mtaa wetu zilimfikia yeye kwanza. Nakumbuka baba mmoja mwendesha pikipiki, mtu wa Rutshuru, aliyemwachia simu asubuhi akaenda kutafuta abiria. Mchana simu ile ikaanza kulia mfululizo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikingoja yangu. Alipokea, akasikiliza, akasema, "Ndiyo baba, nitamuambia," akaiweka chini. Yule baba aliporudi hakumpa simu.

"Batri yako ni ya zamani, inakawia," alimwambia. "Ulikula?"

"Bado, mama."

"Kaa hapa. Kuna bugali na sombe."

Akampakulia ugali na kisamvu, chakula chake mwenyewe. Yule bwana alikula, akashukuru, akanawa mikono. Ndipo Mama wa Chaji akamshika bega na kumwambia kwamba mama yake amefariki asubuhi hiyo huko Rutshuru. Majirani walipokwisha kumsindikiza nyumbani, nilimuuliza kwa nini alimficha.

"Sikumuficha, Mwalimu. Akisha kusikia hatakula tena, leo wala kesho. Na njia ya Rutshuru ni murefu."

Simu ndizo zilizompa riziki, lakini aliziheshimu kidogo sana. Zile kubwa za kugusa kioo alizidharau kabisa. "Asubuhi unaikulisha, saa sita inalia njaa," alisema. "Halafu mwenyewe anakuja anakata magoti mbele yangu: mama, hata kidogo tu, mama. Simu inamutuma kama boyi." Aliwacheka wanawake waliofunga mkanda miezi mingi ili wanunue simu ya kupiga picha, na vijana waliokaa kwenye benchi lake wakisogeza picha kwa kidole gumba mpaka shingo ikauma. Yeye alitembea na kisimu cha vitufe chenye tochi. Aliwahi kuniambia, "Mutu akitaka kuniona, aje anione."

Kisha binti yake wa pekee akaolewa Kampala. Mwaka haukuisha, Mama wa Chaji akawa na simu kubwa kuliko ya mtu yeyote mtaani, ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni. Jumapili baada ya misa alivaa kitenge chake cha sherehe, akajipaka mafuta usoni, akakaa mbele ya kibanda na simu imesimamishwa juu ya kopo la maziwa, akaongea na binti yake huku akipiga kelele kana kwamba anamwita ng'ambo ya ziwa. Tulipita tukimsalimia, naye alitugeuzia simu ili binti atuone mmoja mmoja. "Huyu ni Mwalimu, unamukumbuka? Amekonda. Serikali inamula." Mtu angemkumbusha maneno yake ya zamani, angesema hiyo si simu, hiyo ni dirisha.

Kazi yangu ya ualimu ilimpa kicheko kila mwezi. "Wewe unafanya kazi ama unaenda kusalimia kazi?" aliniuliza aliponiona nikirudi na chaki mkononi na mfukoni hamna kitu. Alikuwa na nadharia yake kwamba mtu wa mshahara ni mtu aliyekubali kulala njaa kwa utaratibu. Lakini mtoto wa jirani yeyote akiacha shule, alimwita mzazi wake na kumgombeza mbele ya wateja. Nilimwambia siku moja kwamba maneno yake hayapatani. Akajibu, "Nani alikuambia yapatane?" na akaendelea kufunga vitambaa vyake.

Juu ya hospitali maneno yake yalikuwa makali zaidi. "Kule wanapima kwanza mufuko, halafu kichwa," alisema. Hata hivyo ndiye aliyetusukuma sote twende mapema. Mke wangu alipopata homa isiyoshuka, Mama wa Chaji alifunga kibanda mchana kweupe, akaja kwangu, akasema, "Bado uko unangoja nini? Ngoja ngoja ndiyo inafanya fakitire inakuwa kubwa." Tulikwenda kabla fakitire, yaani bili ya hospitali, haijakua, na mke wangu alipona.

Kulikuwa na binti mmoja aliyeuza ndizi mbele ya kibanda chake. Huyo alijifungua kwa kupasuliwa katika hospitali moja mjini, na alipopona hawakumruhusu kutoka kwa sababu hajalipa. Alibaki katika wodi ya wazazi pamoja na wenzake waliokwama kama yeye, mtoto akikua humo humo. Mama wa Chaji aliweka beseni kwenye kibanda, na kila aliyekuja kuchukua simu alitupia chochote. Ilipoonekana beseni halipandi tena, alinichukua tuende wote. Wewe unajua Kifaransa, alisema, watakusikia.

Kifaransa hakikutufaa. Karani wa kaunta alitazama zile noti zilizokunjamana, akazirudisha.

"Mama, hii haitoshi. Mugonjwa atabaki."

"Si mugonjwa. Alikwisha kupona. Munafunga mutu muzima, na chakula ni mimi niko naleta."

Yule karani hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha kichwa karibu na dirisha, akasema polepole, "Mama, mimi pia sijalipwa. Uzi tunashonea batu, dawa, maji, vyote tunanunua na feza ya bagonjwa. Tukiachilia bote, kesho mutu akikuja na damu tutamufanya nini?"

Mama wa Chaji akafungua pindo la kitenge, akatoa simu yake kubwa na kuiweka kwenye kaunta.

"Shika hii gaji. Binti aende, tutakuja kuikomboa."

Hatukuikomboa. Yule binti wa ndizi alimfuata mumewe huko Masisi, njia ikafungwa, hatukusikia habari zake tena. Kila nilipotaja ile simu, Mama wa Chaji alinikatiza. "Sura ya mutoto wangu naijua. Nilimuzaa mimi." Jumapili aliendelea kuvaa kitenge chake cha sherehe, akampigia binti yake kwa kisimu cha vitufe, akiwa amekaa pale pale.

Vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, maji yakakatika, na milio ilipotulia kidogo watu walimiminika kwenye kibanda chake kama kwenye kisima. Kila mmoja alitaka ndugu zake wajue kama yu hai. Mwanamke yule ambaye siku zote hakumkopesha hata dada yake chaji ya nusu saa, siku hizo hakumdai mtu. Lakini hakuna aliyejaziwa. Aliipa kila simu nguvu ya kupiga mara moja tu, kisha akaichomoa. "Sema uko muzima, ukate. Usianze kuhadisia," alimwambia kila mtu. Mimi nilianza kumhadithia kaka yangu aliyeko Butembo, akaninyang'anya simu sikioni.

Baada ya hapo benki zilifungwa na hazikufunguliwa. Uwanja wa ndege nao. Kwa wengine hayo yalikuwa maneno ya redio. Kwake yeye yalikuwa ndani ya mwili, kwa sababu Mama wa Chaji alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Tulijua, kama mtu anavyojua jambo la jirani asilolizungumza. Sindano zake zilihitaji baridi, naye, muuza umeme, hakuwa na friji. Alizihifadhi katika friji ya lile duka la vyakula, katikati ya chupa za soda, ndani ya kopo lililoandikwa SI CHAKULA. Jioni aliingia dukani kana kwamba anakwenda kununua chumvi, akageukia ukuta, akajichoma. Sasa friji ya duka ilizimwa, kwa kuwa mwenye duka hakuweza tena kuilisha umeme. Dawa zenyewe ziliadimika, na bei ikawa inapanda kila alipokwenda famasi. Akaanza kugawa. Sindano ya siku aliifanya ya siku mbili. Nilijua hilo kwa sababu aliniambia yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesimulia jinsi ya kubana matumizi ya makaa.

"Mama, hiyo si chumvi ya kupunguza."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu? Unipe ingine."

Sikuwa na nyingine.

Aliumia mguu kwa jiwe. Goma yote ni mawe ya volkano, kila mtu amewahi kukatwa nayo, na kidonda chake kilikuwa kidogo, chini ya kidole. Alikifunga kitambaa, kama alivyofunga simu zetu. Wiki zikapita. Kitambaa kikawa kikubwa, kisha akaacha kuvaa kiatu upande huo, kisha tukaanza kusikia harufu na kujifanya hatusikii. Yeye aliyetusukuma sote alikuwa akisema kesho. Mwishowe mke wangu alikwenda na wanawake wengine wawili, wakambeba na kiti chake hadi hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema mguu ukatwe, kwenye kifundo, na ukatwe upesi. Lakini kabla ya kuingia chumba cha upasuaji ilihitajika kosyo, malipo ya mwanzo. Nilimpigia binti wa Kampala, akalia, akasema nimpe muda. Kesho yake asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Alikuwa ametuma yote. Hakuna anayejua aliuza nini. Niliruka kwa furaha mbele ya watu, nikashika njia kwenda kwa mawakala wa kutoa pesa, wale wanaokaa barabarani chini ya miavuli.

"Mwalimu, feza ya mukononi hakuna," wakala wa kwanza aliniambia. "Jaribu kesho."

Wa pili aliniambia hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa na pesa kidogo, lakini alitaka kukata sehemu kubwa hivi kwamba kilichobaki kisingefika popote. Nilitembea kutoka Majengo mpaka Keshero, mwavuli hadi mwavuli. Mmoja alinionyesha simu yake: nayo imejaa pesa, na droo yake tupu. "Sote tuko matajiri humu ndani," alisema, na hakucheka. Nilirudi hospitali nikamwomba karani apokee pesa kwa simu, moja kwa moja.

"Nikipokea, nitaitolea wapi?" aliniuliza. "Famasi inataka noti, Mwalimu. Na noti isiyopasuka."

Niliingia wodini. Mama wa Chaji alikuwa amelala chali, uso umekauka, lakini yu macho.

"Feza ilifika?"

"Ilifika, mama."

"Iko wapi?"

Nilimwonyesha kioo cha simu. Alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na macho, akasoma tarakimu zote.

"Naiona," alisema, akanirudishia.

Nilizunguka siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Majirani walizunguka pamoja nami, kila mmoja na wakala anayemjua. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikasahau somo. Mke wangu alinikuta nimekaa kitandani nikikibonyeza kile kioo ili nione salio, kikizimika nakiwasha tena, kana kwamba noti zitachomoza. Tulipokwisha kukusanya kiasi kilichotakiwa, vipande vipande, kwa hasara tuliyoacha kuisema, daktari yule mpole alitutoa nje ya wodi na kutuambia kwamba kifundo hakitoshi tena. Walimkatia juu ya goti.

Na mguu wa juu ya goti una fakitire yake.

Kwa hiyo alipopona hakutoka. Walimhamishia katika chumba cha nyuma, pamoja na wale waliokwisha kupona na hawajalipa. Nilikwenda kumtembelea mara kwa mara. Sikumkuta analia hata siku moja. Nilimkuta akigombana na wanawake wenzake juu ya nani aoge kwanza, akimkemea mmoja aliyemnyonyesha mtoto huku akitazama video, akiuliza bei ya unga. Lakini jambo moja hakutaka kulisikia. Mwenye duka alikuwa tayari kununua pano na batri zake, na fedha hiyo ingemtoa. Kila nilipolitaja aligeukia ukuta.

"Nikiuza, nitatoka nikuwe nani?" aliniambia siku moja, bila kunitazama.

Sikumsukuma. Labda ilinipasa kumsukuma, labda sivyo. Mpaka leo sijui. Deni, lililoandikwa kwa namba ya kitanda chake, liliongezeka kila siku aliyolala humo, na sote tulilijua, yeye wa kwanza.

Asubuhi moja, siku ya mvua, alinipigia kwa simu ya mtu, kwani kisimu chake kiliuzwa tulipokusanya kosyo. "Uza," alisema, akakata.

Mwenye duka alipanda juu ya bati na kuzishusha pano mwenyewe, kwa uangalifu, akiomba samahani kwa yeyote aliyepita. Binti alikuwa ameshapanga. Mama atavuka mpaka, ataenda Kampala, atakaa naye. Tulikodi gari, tukaazima kiti cha magurudumu parokiani, tukaenda kumchukua: mke wangu, mimi, mwenye duka, na majirani waliotosha kulijaza gari.

Alikuwa tayari, amevaa kitenge chake cha sherehe, ambacho mke wangu alimpelekea siku iliyotangulia. Wanawake wa chumba kile walikuwa wamemzunguka.

"Mama, upite kwetu, uwaambie niko hapa."

"Mama, umupigie bwana yangu, useme mutoto ameota jino."

"Haya," alikuwa akijibu kila mmoja. "Haya, nimesikia." Hakuwa na simu wala kibanda, na njia yetu haikupita kwao. Alisema haya mpaka kwa wa mwisho.

Nilimsukuma kwenye ule ushoroba mrefu. Kwenye lango mlinzi alishika karatasi za ruhusa za siku hiyo, na watu walikuwa wamebanana pale chini ya bati kukwepa mvua, wagonjwa, ndugu zao, wauza mikate. Mlinzi alisoma jina moja la mwanamke, jina refu zuri, la ubatizo na la nyumbani. Hakuna aliyeitika. Akalisoma tena, kwa sauti zaidi. Tulitazamana. Mwenye duka aligeuka nyuma kuona ni nani anayetuchelewesha, na mke wangu akasema kwa huruma, "Masikini, labda huyo hana mutu wa kumuchukua." Mimi nilisukuma kiti pembeni ili anayeitwa apate kupita.

Mama wa Chaji aliinua mkono wake kutoka kwenye mapaja.

"Ni mimi huyo," alimwambia mlinzi. "Fungua."